Anayehamia Mombasa aulize maji kabla ya kuuliza bahari

Mhariri,

Kila mwaka likizo ya Desemba inapomalizika na abiria wa kurudi bara wanapoanza kujaa katika ofisi za mabasi za Mwembe Tayari, simu yangu nayo huanza kulia. Wanaopiga ni watu niliowafundisha, au niliofundisha pamoja nao, katika miaka 14 niliyofanya kazi Nakuru kabla ya kurudi kwetu, na karibu wote huwa na neno moja: wamekaa Mombasa wiki moja au mbili, wamepunga upepo Mama Ngina, wamekula viazi karai na mihogo ya kuchoma, wameoga baharini pale Bamburi, na sasa wanataka kuhama na watoto na vyombo vyao, je, mwalimu hajui nyumba nzuri karibu na ufuo? Safari hii nimeona heri nijibu kupitia ukurasa wenu wa barua, kwa sababu wanaouliza wamekuwa wengi na jibu langu halibadiliki. Anayepanga kuhamia mji huu aulize kwanza maji, kisha aulize atavuka vipi kwenda kazini, na bahari aiache iwe swali la mwisho, kwani bahari ataiona tu, apende asipende.

Sisemi haya kwa nia ya kumfungia mtu mlango. Hata Waswahili wa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, ambao ndio wenyeji wa kisiwa hiki, wana majina yanayosimulia safari: Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza. Baada yao na pamoja nao wamekaa Wamijikenda, Wahadhrami, Wabaluchi na Wahindi, na bandari na reli zikaleta Wakamba, Waluo na Waluhya ambao wajukuu wao leo huzungumza Kiswahili ambacho mimi mwenyewe sikisahihishi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti yenye eneo la takriban kilomita 220 za mraba, na nafasi ya mmoja zaidi hupatikana siku zote. Ninachokilalamikia ni kwamba huyo mmoja zaidi huja akiwa ameelezwa nusu ya habari, na nusu iliyobaki huijua baada ya kulipa.

Desemba iliyopita kijana mmoja niliyemfundisha hesabu katika darasa la saba, ambaye sasa ni mhasibu na ana mke na watoto wawili, alinipigia simu. "Shikamoo mwalimu," akasema, "nimepata uhamisho wa Mombasa, na nyumba nimeshaipata." Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza nyumba yenyewe iko wapi. Ilikuwa ng'ambo ya Likoni, orofa ya tatu na ya mwisho, yenye roshani inayotazama maji, na dalali alikuwa amemtumia picha kumi na mbili kwa simu, zote za roshani, za anga, na za mnazi mmoja ambao ulitokea kila upande kana kwamba ulikuwa ukihamishwa. Ofisi yake ingekuwa kisiwani, karibu na bandari ya Kilindini, na dalali alikuwa amemhakikishia kwamba kutoka mlangoni hadi kazini ni mwendo wa dakika kumi na tano. Aliloniomba ni niende nikaitazame, na ikinipendeza nimlipe dalali kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana ya miezi miwili, naye angenitumia pesa siku hiyo hiyo.

Nilikwenda Jumanne asubuhi. Nyumba ilikuwa nzuri, sikatai, na roshani ilikuwa kama ilivyopigwa picha. Lakini mimi nikiingia katika nyumba ya kupanga huipita sebule nikaenda moja kwa moja jikoni, na nilipoufungua mfereji ulikohoa mara mbili, ukatoa maji kidogo ya rangi ya chai, ukanyamaza. Dalali akasema, "Yamekatika leo tu, mama, kuna bomba linatengenezwa." Nikafungua mlango wa choo, nikakuta mapipa mawili ya plastiki yamejazwa hadi mdomoni, ndoo na kata juu yake, na hapo nikatambua kwamba hiyo leo ilikuwa na umri mkubwa. Niliposhuka nilimsalimu mama mmoja aliyekuwa akikaanga bajia chini ya ngazi. Tukaulizana hali na habari za nyumbani kama ilivyo desturi, kisha akanieleza bila kuficha. Mfereji hutoka usiku wa Alhamisi, na wiki nyingine hautoki kabisa. Kisima kipo uani, lakini maji yake ni ya chumvi, ya kufulia na ya chooni. Ya kunywa na ya kupikia huletwa kwa mkokoteni, na mwenye mkokoteni hapandi orofa ya tatu bila kuongezwa kitu.

Mgeni hushangaa kusikia kwamba mji uliozungukwa na maji unalilia maji, kumbe sababu iko wazi kwa yeyote anayetaka kuijua. Maji matamu tunayoyategemea hutoka nje ya kaunti yetu: liko bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950, ambalo huleta maji ya chemchemi za Tsavo Magharibi kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 200; viko visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, katika Kaunti ya Kilifi; na ziko chemchemi za Marere katika milima ya Shimba pamoja na visima vya Tiwi, vyote vikiwa Kwale. Njiani kuna miji na vijiji ambavyo navyo vina haki ya kunywa. Bomba likipasuka huko porini, au stima ikikatika kwenye pampu za Baricho, mitaa mizima ya Mombasa hupata habari kwa kufungua mfereji mkavu. Hata siku ambazo hakuna kilichoharibika, yanayofika ni machache kuliko mahitaji, kwa hiyo hugawanywa kwa zamu mtaa baada ya mtaa. Bwawa la Mwache linajengwa Kwale, na siku litakapoleta maji nitakuandikia barua nyingine ya furaha, lakini hakuna anayeweza kuinjika wali leo kwa maji ya bwawa ambalo halijajaa.

Ama visima vya hapa, kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji yaliyo chini yake huingiliwa na bahari. Sabuni haitoi povu, chai hubadilika ladha, na ndani ya birika huota ukoko mweupe ambao hautoki kwa kusugua. Mkaazi wa hapa hulijua hilo tangu utotoni na huwa na mitungi ya namna mbili nyumbani, wa maji matamu na wa maji ya chumvi, na mtoto anayekosea akapika kwa ule wa pili hukumbushwa mwaka mzima.

Kwa hiyo anayetafuta nyumba aulize maswali yenye majibu ya kuhesabika. Mfereji hutoka siku ngapi kwa wiki, na saa ngapi? Tangi la chini lina ukubwa gani, na lile la juu ya paa ni la lita ngapi, na hunywesha nyumba ngapi? Pampu huendeshwa kwa mita ya stima ya nani? Matangi yakikauka, lori la maji hulipwa na mwenye nyumba au wapangaji huchangishana? Haya asimuulize dalali peke yake wala mwenye nyumba peke yake. Amuulize mama wa bajia. Mtungi wa lita 20 ambao siku za kawaida nimekuwa nikiununua kwa shilingi 20, siku za shida nimeununua kwa shilingi 50, na familia ya watu wanne isiyojibana sana humaliza mitungi kumi kwa siku. Hesabu hiyo yule mhasibu wangu aliifanya mwenyewe nilipompigia jioni: kwa bei ya shida ni shilingi 15,000 kwa mwezi, kabla ya kodi, kabla ya stima, na kabla ya yule mwenye mkokoteni kudai haki yake ya ngazi.

Nizirudie zile dakika kumi na tano. Dalali hakuwa amesema uongo kuhusu kuvuka kwenyewe, kwa sababu mlango wa bahari wa Likoni ni mwembamba, yapata nusu kilomita, na feri ikishang'oa huvuka kwa dakika chache tu. Shida iko katika kuipata hiyo feri. Idadi inayotajwa kila mara ni kwamba watu wapatao laki tatu huvuka pale kwa siku, na wengi wao huvuka saa zile zile mbili, kwenda kazini alfajiri na kurudi magharibi. Waendao kwa miguu hawalipi nauli, jambo ambalo ni neema kubwa kwa maskini wa ng'ambo na sipendi kamwe liondolewe, lakini mwenye kuvuka kwa miguu husubiri ndani ya umati, chini ya paa la mabati, hadi malango yafunguliwe, kisha hubebwa na watu zaidi ya kutembea. Mwenye gari hukaa katika foleni, na feri moja ikiwa imepelekwa kwenye matengenezo foleni hiyo hurefuka hadi anapoanza kujuta kuwa na gari. Jioni ya Jumanne ile mimi nilipata feri ya tatu, na nilifika nyumbani baada ya swala ya Magharibi, viatu mkononi. Kwa mwenye gari ipo sasa barabara ya Dongo Kundu, ambayo humwezesha kutoka upande wa Miritini hadi Kwale bila kukanyaga feri, ila ni mzunguko, na mafuta si ya bure.

Upande wa kaskazini hali ni ya namna nyingine. Daraja la Nyali lililopo, ambalo lilifunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya lile la zamani lililokuwa likielea, ndilo njia ya pekee ya gari kati ya kisiwa na Nyali, Kongowea, Kisauni, Bamburi na Shanzu, na hata wale wanaokaa Mtwapa, ambao kwa ramani ni watu wa Kilifi lakini kwa riziki ni watu wa Mombasa, hupita hapo hapo. Lori moja likiharibika juu ya daraja hilo saa mbili asubuhi, walimu, wauguzi na makarani wa mji huu huchelewa pamoja. Upande wa magharibi, kwenye Makupa na Kipevu, anayekaa Mikindani au Changamwe hugawana barabara na malori ya makontena ya bandarini, na huwa na siku zake nzuri na siku zake mbaya. Hata mgeni anayekuja kwa treni ya Madaraka, iliyoanza mwaka 2017, hugundua kwamba kituo cha Mombasa kiko Miritini, na kutoka hapo hadi katikati ya mji bado kuna matatu ya kupanda.

Ndiyo maana huwaambia wanaoniuliza wachague kwanza upande wa maji ambako kazi ipo na ambako watoto watasoma, kisha watafute nyumba ndani ya upande huo huo, hata kama roshani yake inatazama ukuta wa jirani. Mwenye kazi bandarini ambaye anaweza kupata chumba na sebule Tudor, Ganjoni au Majengo atakuwa ameokoa saa mbili au tatu kila siku, na hizo anaweza kuzipeleka ufuoni akipenda.

Kuhusu jua lenyewe nina ushahidi wa pande zote mbili, maana nimekaa Nakuru nikitetemeka mwezi wa Julai na nimekaa hapa nikishindwa kulala mwezi wa Machi. Desemba, mwezi ambao wengi hutujia, ndio mwanzo wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini; anga ni safi, bahari imetulia na upepo huvuma vizuri, na mtu anayeijua Mombasa ya mwezi huo tu ni sawa na aliyemjua bibi harusi siku ya kupambwa. Kaskazi huendelea hadi Machi, na katika Februari na Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 na 33, likiandamana na unyevu unaomfanya mtu aoge, ajifute, na alowe tena kabla hajavaa. Usiku haupozi kama unavyopoza bara. Kisha huja tangambili, pepo zinapobadilishana zamu, na baada yake masika, ambayo kilele chake ni Mei, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Barabara za mabondeni hujaa maji, tuktuk huzimika katikati ya madimbwi, na nguo hukaa kambani siku tatu. Kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, ikishika kasi bahari huchafuka na mwani hutupwa ufuoni kwa mafungu. Wavuvi wa ngalawa na madau hawathubutu kutoka nje ya miamba, na samaki ambaye Desemba alikuwa akiuzwa kwa kupungiana mikono hupanda bei. Julai na Agosti hali huwa ya raha, na sisi wenyeji huvaa sweta asubuhi huku wageni wakitucheka. Mwenye nia ya kweli ya kuhama aje Machi au aje Mei, alale wiki mbili katika mtaa wa kawaida na asiende hotelini, kisha aamue.

Nyumba nayo ina elimu yake, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ni jambo ninalolipenda. Wazee waliojenga Mji wa Kale walijua wanachokifanya. Kuta zao ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mkono mzima, ambazo huchelewa kupata moto. Dari zao ziko juu. Vichochoro vyao ni vyembamba ili nyumba moja iikinge nyingine jua. Na vyumba vyao ni virefu lakini si vipana, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Hata zile nyumba za Kiswahili za kawaida za Majengo na Bondeni, zenye vyumba vinavyotazamana kwenye ukumbi na ua nyuma, zilikuwa na upepo unaopita kutoka barazani hadi uani bila kuombwa. Nyumba nyingi za orofa zinazojengwa sasa zimeusahau ujuzi huo. Madirisha ni ya vioo vya kuteleza ambavyo hufunguka nusu tu, paa ni la zege tupu, na chumba cha kulala kimeelekezwa magharibi kupokea jua la alasiri lote. Zege hilo hunywa joto mchana na kulirudisha usiku, kwa hiyo anayekaa orofa ya juu kabisa hulala kama mkate katika tanuri ambalo moto wake umezimwa sasa hivi. Mtu akienda kuitazama nyumba aende saa tisa alasiri, na si asubuhi kama dalali anavyopendelea, asimame katikati ya chumba cha kulala na madirisha yakiwa wazi, na asikilize kama pazia linacheza. Madirisha yanayoikabili kusi ni mali. Pangaboi ni la lazima katika kila chumba, na kiyoyozi kwa aliye na uwezo wa kulisha mita ya tokeni.

Vile vile aamue mapema vitu vya kuacha bara. Mablanketi mazito na mazulia ya sufi hayana kazi hapa. Makochi ya ngozi hugandamana na mgongo. Hewa ya chumvi hula mabati, bawaba, majiko ya gesi na redio, na kadiri nyumba inavyokaribia ufuo ndivyo kutu inavyofanya haraka. Nimeona jokofu la miaka miwili lenye miguu kama ya miaka ishirini. Mimi vitabu vyangu nilivyokuja navyo kutoka Nakuru vilishika ukungu masika ya kwanza, nikawa navianika barazani kila Jumamosi, majirani wakidhani nauza. Chandarua kisiachwe kwa hali yoyote, kwa kuwa malaria iko.

Kwa anayetaka kununua badala ya kupanga, kuna jambo moja ambalo watu wa bara hawalitarajii, nalo ni nyumba bila ardhi. Katika mitaa mingi ya Mombasa mwenye nyumba ni mmoja na mwenye ardhi ni mwingine: mtu amejenga, anaishi, anapangisha, hata anauza, lakini ardhi iliyo chini ya kuta zake imeandikwa kwa jina la mtu mwingine ambaye yeye humlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Mambo haya yana mizizi katika ukoloni, hasa sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyowataka waliodai ardhi katika pwani wajitokeze kuthibitisha madai yao. Waliokuwa na nyaraka na waliojua njia za mahakama wakasajiliwa, na wengi waliokuwa wakikaa na kulima wakabaki bila kitu cha kuonyesha. Marehemu baba yangu alikuwa na nyumba kama hiyo Majengo, vyumba sita na kisima uani, na tulikaa kwa amani miaka yote kwa sababu mwenye ardhi na baba walikuwa wakiswali msikiti mmoja na kujuana. Mnunuzi mgeni hana ujirani huo wa kumlinda. Akiambiwa nyumba inauzwa kwa bei ya chini inayoshangaza, aulize kwanza kama anauziwa nyumba na ardhi au kuta peke yake, aende mwenyewe katika ofisi ya ardhi akahakikishe hati iko kwa jina la nani, na ajue kwamba benki haitapokea kuta peke yake kuwa dhamana ya mkopo. Siku mwenye ardhi atakapoamua kuuza, au warithi wake watakapogombana, mwenye kuta ndiye atakayetafuta wakili.

Kuhusu kazi nitasema machache, maana kila mtu anaijua hali yake. Mji huu hula kwa mikono miwili, bandari na utalii, na mkono wa utalii hupooza kila mwaka kuanzia Aprili hadi Juni, hoteli zinapopunguza wafanyakazi. Anayekuja bila kazi akitegemea kuipata hotelini asije na mvua.

Na kuhusu kuishi na watu, hakuna kinachomshinda mwenye salamu. Hapa mtu hapitwi barazani bila kusalimiwa, na muuza duka hupaswa kuulizwa hali kabla ya kuulizwa bei ya unga. Anayetanguliza "nipe" huuziwa, lakini siku ya shida ya maji hakumbukwi. Mwezi wa Ramadhani sehemu nyingi za kula mchana hufungwa, hasa kisiwani, na mji huamka jioni. Mgeni asiyefunga hatalazimishwa, ila ataheshimiwa zaidi asipokula njiani. Hayo mtu hujifunza kwa wiki moja, na majirani ndio walimu.

Kijana wangu hakuichukua ile nyumba ya Likoni. Amepanga chumba kimoja Tudor, yuko peke yake tangu Januari, na mkewe na watoto watakuja kumtembelea likizo ya Aprili, mvua zikiwa zimeanza, ili waone kwa macho yao kabla ya kufunga mizigo. Jumamosi iliyopita alikuja kwangu kunywa chai, na swali lake la kwanza baada ya shikamoo lilikuwa kama namjua fundi wa matangi.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni hili. Magazeti yetu huchapisha matangazo ya nyumba za kupanga za Mombasa, na karibu yote hutaja bahari, upepo na maegesho ya gari, bila neno hata moja kuhusu maji. Naomba gazeti lenu liwe la kwanza kumtaka kila anayeleta tangazo aeleze mfereji hutoka siku ngapi, kisima ni cha maji gani, tangi ni la lita ngapi kwa nyumba ngapi, na nyumba iko upande gani wa feri au daraja. Halitachukua nafasi kubwa. Tangazo la nyumba niliyokwenda kuitazama, kwa maneno ya yule mama wa bajia, lingesomeka hivi: "Vyumba viwili, orofa ya tatu, ng'ambo ya Likoni, roshani ya bahari. Mfereji usiku wa Alhamisi, wiki nyingine hakuna. Kisima cha chumvi. Maji matamu kwa mkokoteni, ngazi hulipiwa." Yuko atakayeichukua hata hivyo kwa ajili ya ile roshani, na atakuwa ameichukua akijua.

Mwalimu mstaafu,
Mombasa.